Siinunui nyumba iliyoziba njia ya baharini

Jumamosi dalali alitupeleka Masaki, mimi na mume wangu, kuona nyumba kwenye ghorofa ya tatu. Jengo sitalitaja. Nyumba yenyewe haina kasoro: vyumba vitatu, baraza pana linaloikabili bahari, lifti, jenereta, kisima, maegesho ya magari mawili. Tulipotoka barazani dalali akaonyesha chini, kwenye ukuta mpya uliokuwa haujapata hata vumbi, akasema pale zamani palikuwa na kichochoro cha wavuvi kushukia pwani. "Sasa pamezibwa, bosi," akamwambia mume wangu. "Hakuna mtu wa nje atakayewasumbua. Ufukwe ni wenu." Hapohapo akaendelea kutusifia kwamba raha ya mtaa huu ni kutembea: dukani kwa miguu, mgahawani kwa miguu, baharini kwa miguu.

Miguu ya nani? Tangu siku hiyo swali hilo limenikaa kooni, na leo nalitoa.

Sisi tunahama kwa sababu moja inayozidi nyingine zote, nayo ni kutembea. Tunakoishi sasa, ukiishiwa chumvi unawasha gari au unaita bodaboda. Watoto tunawatoa asubuhi na usingizi wao na kuwarudisha jioni wamelala kiti cha nyuma, maisha yao yamegeuka foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Mama yangu anaishi nasi. Amekulia Pangani, ambako baada ya alasiri watu wanatoka kwenda kupunga upepo, wanasalimiana njiani, wanarudi magharibi ikiadhiniwa. Kliniki ya presha wamemwambia atembee kila siku, naye anatembea: anazunguka nyumba ndani ya geti, kwa sababu nje ya geti hakuna njia ya waenda kwa miguu, kuna lami, mtaro ulio wazi na pikipiki. Kumwona anazunguka vile kunaniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Ndiyo maana tumekubali kuuza kiwanja na kuchukua mkopo wa miaka mingi. Fedha hizo zinakwenda kununua mtaa kabla hazijanunua vyumba.

Sasa mtaa wa namna hiyo Dar es Salaam uko wapi? Kila mtu atakuambia Rasi ya Msasani: Oysterbay, Masaki, mpaka ncha ya kule Sea Cliff. Kwenye ramani wana haki. Rasi ni fupi, bahari iko pande zote mbili, na kutoka Toure Drive kuvuka hadi ghuba ya Msasani mtu mzima anakwenda bila kuchoka. Lakini historia ya mahali hapa haikupangwa kwa ajili ya miguu. Wakoloni walipougawa mji kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, Oysterbay ilikuwa ya maofisa wao: viwanja vikubwa vya ujazo mdogo, nyumba moja mbali na nyingine, bustani katikati, maduka kwingine kabisa. Baada ya Uhuru wakaingia viongozi na watumishi wakubwa wa Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba nyingi za Serikali zikauzwa, nyingine zikavunjwa, yakapanda maghorofa. Wakazi wakaongezeka mara kadhaa ndani ya viwanja vilevile, na ukuta wa kila kiwanja ukabaki, tena ukaongezwa urefu na nyaya za umeme juu.

Matokeo yake unayaona ukishuka kwenye gari. Kuna barabara za Masaki ambazo unatembea ukuta kwa ukuta bila kukuta dirisha, duka wala mtu amekaa kibarazani. Hakuna wa kukusalimia, na ukianguka hakuna wa kukuona. Watu wanasema wanajenga kuta kwa ajili ya usalama, lakini mimi nikiwa na binti yangu saa moja jioni najiona salama zaidi Kariakoo kwenye msongamano kuliko kwenye barabara hizo tulivu.

Na hapa ndipo penye jambo langu. Watu wanaotembea Masaki wapo, tena wengi, wala si wenye nyumba. Ni dada wa kazi, walinzi, watunza bustani, mafundi, wapishi wa mahoteli. Alfajiri wanashuka kwenye daladala na kuufuata ukingo wa lami, jioni wanarudi hivyohivyo, mvua ikinyesha wanapita kwenye tope. Wengine wanatoka Msasani kwa Makangira au Bonde la Mpunga, pale penye mafuriko kila masika, mwendo mfupi tu kutoka kwenye baraza nililosimama. Wavuvi wa Msasani walikuwa wakiteremka pwani hizi kabla ya kiwanja chochote kupimwa. Hawa ndio waliochora njia za miguu za rasi hii kwa nyayo zao. Leo tunaziba njia zao, kisha tunauza nyumba kwa bei ya juu zaidi kwa sababu eti mtaa unatembeka.

Na sheria iko wapi? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ni mdhamini kwa niaba yetu. Hati unayopewa ni haki ya kukaa na kutumia kwa muda wa miaka 33, 66 au 99. Ukinunua nyumba ya ghorofani unaingia kwa sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo: una sehemu yako, ngazi na uwanja mnamiliki pamoja. Hakuna mahali dalali anapopata "ufukwe ni wenu". Halafu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita 60! Tembea pwani maji yakipwa, uhesabu kuta zilizosimama ambapo wakati wa bamvua maji yanazigonga miguuni. Kila mtu anaziona. Manispaa ya Kinondoni inaziona, na mwenyekiti wa mtaa anaziona.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia mama. Hakuuliza bei wala idadi ya vyumba. Aliuliza, "Sasa hao wavuvi wanapita wapi, mwanangu?" Sikuwa na la kumjibu, maana dalali hakusema na mimi sikudhani kuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Nitakubali upande wa pili, ingawa kwa shingo upande. Mwenye nyumba aliyeibiwa mara mbili ana haki ya kuogopa. Anayeamka asubuhi akakuta chupa na mifuko ya taka mbele ya geti lake ana haki ya kukasirika, na muziki wa usiku wa manane ni kero kwa tajiri na kwa maskini. Lakini dawa ya taka ni mapipa na wafagiaji, dawa ya wizi ni taa na polisi jamii. Ukuta unaoziba njia unamwadhibu mvuvi kwa kosa la mwizi.

Tazameni Coco Beach. Ni kipande pekee cha rasi hii ambako Mswahili yeyote anaweza kushuka na wanawe Jumapili bila kuulizwa anakwenda kwa nani. Mihogo ya kukaanga, madafu, mishikaki, watoto kwenye mchanga, vijana na mpira. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, watu wanatoka upande wa Aga Khan wanavuka kwa miguu juu ya bahari hadi huku, wazee kwa vijana, alfajiri na jioni. Wapo waliowahi kutaka pale pawe mali yao. Fikirini tungepoteza nini. Nyumba zilizo karibu na Coco hazijashuka thamani kwa sababu ya muuza mihogo. Bei za Oysterbay mnazijua.

Mtindo huu wa kuuza mitaa ya pwani ya kutembea una mzizi wake Marekani. Mwaka 1981 Robert Davis alianza kujenga Seaside, mji mdogo kwenye pwani ya Florida, na wasanifu wake walikuwa Andrés Duany na Elizabeth Plater-Zyberk. Barabara nyembamba, baraza mbele ya kila nyumba, duka na posta katikati, vijia vinavyoishia baharini. Wazo zuri sana, na mimi nalipenda. Likazaa majirani kando ya barabara ya 30A, Rosemary Beach na Alys Beach, bei zikapaa hadi wanaofanya kazi humo wakawa wanaendesha gari kutoka mbali kuja kuhudumia mitaa ya kutembea. Kisha vita ikahamia mchangani. Kaunti ya Walton, ambamo miji hiyo imo, ilikuwa imeweka utaratibu wa kulinda mazoea ya umma kutumia ufukwe. Mwaka 2018 jimbo likatunga sheria iliyoubatilisha, na wenye nyumba wakapata nguvu ya kuwaondoa watu kwenye mchanga mkavu mbele ya nyumba zao. Sheria hiyo imefutwa mwaka 2025, baada ya miaka ya kesi na majirani kuitiana polisi. Wale wana umiliki binafsi wa ardhi unaotambuliwa na sheria zao, na bado imewatesa. Sisi ambao ardhi ni ya umma tunakimbilia nini huko?

Huku kwetu Fumba, Unguja, wamejaribu kitu cha aina hiyo pale Nyamanzi: vijia vya miguu, bustani, magari yawekwe pembeni. Nilipapenda. Shaka yangu ni ileile, kama kijiji cha jirani kitaendelea kupita mpaka pwani miaka 20 ijayo, siyo leo tu wakati mauzo yanaendelea. Lakini mwalimu wa kutembea Zanzibar ni Mji Mkongwe, na haukujengwa na kampuni. Vichochoro vyake havina mwenyewe. Unatoka Malindi, unapita Kiponda, unaishia Forodhani kula urojo, na njia nzima kuna mabaraza yenye watu. Tajiri na mchukuzi wanapishana bega kwa bega. Lamu vivyo hivyo. Watu wa pwani hii walijua kujenga miji ya miguu karne nyingi kabla ya Florida.

Kuhusu bahari yenyewe kukaa dirishani, nitasema kidogo tu. Chumvi inakula viyoyozi, milango ya chuma na nondo ndani ya zege, na ada ya huduma ya jengo inapanda kwa sababu hiyo. Mawimbi nayo hayana heshima kwa hati. Wanaoshuka kituo cha daladala cha Africana wengi hawajui kwamba kuna hoteli ilikuwa na jina hilo ufukweni Kunduchi, na bahari ikaichukua. Kuchimba mchanga kwenye mito inayoleta mchanga huo pwani kulichangia. Ukiona mtu amejenga ukuta wa zege ndani ya mita 60, ujue pia anamsogezea jirani yake mmomonyoko.

Kwa hiyo nawaomba mnaonunua, na zaidi mnaomiliki tayari, maana ninyi ndio mnaosikilizwa na manispaa: ulizeni njia iko wapi. Kila mtaa wa pwani uwe na kichochoro cha umma kilichochorwa kwenye ramani, chenye taa na alama, kisichofungwa kwa geti usiku wala mchana. Waekeeni wafanyakazi wenu njia ya miguu yenye kivuli kutoka kituoni. Toboeni kuta, wekeni maduka yanayotazama barabara. Hayo hayahitaji mfadhili.

Ile ya ghorofa ya tatu tumemwambia dalali hapana, na sababu nimempa mwenyewe bila kuzunguka. Tumeona nyingine upande wa Msasani, si mbali na soko la Namanga. Ni ndogo kwa chumba kimoja na bahari huioni hata ukisimama juu ya kiti. Chini kuna duka la Mangi na fundi cherehani, msikiti uko mwendo wa dakika chache, na pembeni kuna kichochoro kinachoteremka kwa wavuvi. Mama alikifuata, akarudi na changu wawili na habari za nusu ya mtaa. Wakili anafanya upekuzi wa hati. Nimemtaka pia aangalie kwenye ramani ya mipango miji kama kichochoro kile kimechorwa au kinaishi kwa huruma ya jirani. Kama hakimo, kabla ya kulipa shilingi moja nitapeleka barua serikali ya mtaa na manispaa kutaka kiingizwe, na nitaomba majirani waisaini nami.