Miezi saba bila hedhi

Juzi binti mmoja wa miaka 17 alitoka uwanjani akichechemea, akaketi chini, akavua soksi. Nilipopitisha kidole gumba kwenye muundi wake, alivumilia mpaka nilipogusa sehemu moja ndogo isiyozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Hapo akaruka. Nikamuuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Akahesabu kwa vidole, akaishia saba. Miezi saba! Kisha akaniambia, tena kwa fahari, "Kocha anasema ni dalili mazoezi yamekolea, dada."

Maneno hayo yamenikaa kooni mpaka leo.

Mazoezi hayajakolea. Mwili wake umeanza kubana matumizi. Nguvu ya chakula inayobaki baada ya mazoezi kuchukua sehemu yake ikiwa haitoshi, mwili huamua nini kisubiri, na uzazi husubiri kwanza. Ubongo hupunguza ishara kwa ovari, homoni ya kike iitwayo estrojeni hushuka, hedhi hukatika. Estrojeni hiyo ndiyo mlinzi wa mifupa. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya kila wakati, na mlinzi akiondoka, ubomoaji huushinda ujenzi. Anayekimbia kilomita nyingi kila wiki juu ya mfupa wa namna hiyo anautafuta ufa. Kinachoniuma zaidi ni umri wake: huu ndio wakati wa kuweka akiba ya mifupa, na akiba isiyowekwa ujanani hairudi yote ukubwani.

Mary Cain wa Marekani naye alikuwa na miaka 17 alipokimbia fainali ya mita 1500 kwenye mashindano ya dunia ya 2013. Mwaka 2019 alieleza hadharani jinsi alivyoshinikizwa apungue uzito, akakaa miaka mitatu bila hedhi na kuvunjika mifupa mitano.

Najua, mkimbiaji akipungua anaweza kung'ara kwa muda. Sikatai. Ndicho kinachowadanganya makocha, kwa sababu bili huja baadaye. Wala usisubiri kumwona amekonda: mwili ukishapunguza matumizi, uzito unaweza usisogee kabisa. Wengi hawakatai hata kula. Mazoezi yameongezwa, sahani imebaki ileile, na baada ya mazoezi makali njaa haisikiki. Vidonge vya kupanga uzazi vitaleta damu kila mwezi, lakini njaa ya mwili iko palepale na mifupa haiponi. Wanaume nao hupatwa, homoni zao hushuka vilevile.

Nilimuuliza amekula nini kabla ya kukimbia. Hakuwa amekula chochote.

Kocha wake ana daftari lenye muda wa kila mzunguko aliokimbia tangu mwaka jana. Naomba aongeze safu moja ya tarehe za hedhi, kwa ridhaa ya binti mwenyewe, na ikipita miezi mitatu mitupu, apunguziwe mazoezi na aonwe na daktari kabla hajapangiwa mashindano mengine.