Taarabu haikubaki ya kasri

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai taarabu ni muziki wa Waarabu tu, sisi Waswahili tukaupokea ulivyo. Hapo napinga. Ni kweli kasrini kwa Sultani wa Zanzibar uliimbwa kwa Kiarabu, lakini Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, kutoka ukoo wa watumwa, muuza vyungu, ndiye aliyeuimba kwa Kiswahili hadi ukawa wa watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Zanzibar, akiwasema wazi wakubwa waliodhulumu wanyonge. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Bibi yangu alinisimulia walivyojazana kwenye gramafoni ya jirani, wengine wakilia kusikia lugha yao ikitoka mle ndani. Mwanamke huyo mnamfutaje? Wenzangu, huko kwenu nyimbo zake bado zinaimbwa harusini?