Jiji erevu, mfuko wa makanga

Jiji erevu, yaani linaloendeshwa kwa teknolojia ya kidijitali, huanzia wapi: kwenye mitambo, au kwenye makubaliano ya watu? Tuitazame Nairobi. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilitaka abiria wa matatu waache kulipa nauli kwa pesa taslimu. Kadi zilikuwepo tayari: BebaPay, ya Google na Equity Bank, ilikuwa imezinduliwa mwaka uliotangulia. Unaigusisha kwenye kifaa cha makanga, nauli inakatwa, mwenye gari anaona kila shilingi. Kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa, na makanga alikuwa bado anakunja noti vidoleni.

Wengi walilaumu ukaidi wa makanga, ilhali tatizo lilikuwa kwenye hesabu ya siku. Dereva na makanga wengi hawana mshahara. Jioni humpelekea mwenye gari kiasi walichokubaliana. Kinachobaki ndicho chao. Kabla ya jioni kuna mafuta, kuna wapiga debe wa stejini, kuna anayeosha gari, kuna "kitu kidogo" barabarani, na wote hao wanataka pesa mkononi. Kadi ilimpelekea mwenye gari mapato yote bila kumpa mfanyakazi mkataba wa ajira. Nani angeikubali? Leo abiria wengi hulipa kwa M-Pesa, mara nyingi kwa namba wanayotajiwa na makanga mwenyewe. Pesa sasa zinapita hewani, ila zinaangukia mfuko wa makanga, si wa mwenye gari.

Wanaosema mitambo itangulie wana hoja, tena nzito. Kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mtu huomba pasipoti na kulipa ada bila kubeba pesa hadi dirishani, na dalali amepungukiwa na kazi. Kungoja maadili ya ofisi yabadilike kwanza kungechukua kizazi kizima. Mathare nako, mtaa wa mabanda jijini, mitambo ya maji ya kadi ilipowekwa mwaka 2015, mtungi wa lita 20 uliuzwa senti 50, bei ambayo mchuuzi wa mitungi hawezi kuifikia.

Lakini mtambo huo hugawa maji yaliyofika tu. Siku ya mgao bomba likikauka, kadi yenye salio haina kazi, na mama anarudi kwa mchuuzi. Jiji hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji yake kwa mivujo, wizi na mita mbovu. Mita itaonyesha maji yamepotelea kati ya wapi na wapi. Kumkatia mtu mwenye nguvu bomba la wizi kunahitaji afisa anayejua hatahamishwa kesho. (Konza, jiji jipya la teknolojia linalojengwa nje ya Nairobi kwenye ekari 5,000, ni rahisi kuchora: hakukuwa na wakazi wapangaji wa kubishana nao.)

Mfano ninaoupa uzito zaidi ni Mukuru, mtaa mwingine wa mabanda jijini. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo la kuandaliwa mpango wake wa pekee. Kaya zaidi ya 100,000 ziligawanywa: kaya kumi zikaunda kundi, makundi kumi yakaungana, hadi wawakilishi wakafika mezani na wapangaji miji. Ramani za kidijitali zilitumika, naam, ila kazi ngumu ilikuwa kukubaliana barabara ipite wapi ili nyumba chache zaidi zivunjwe. Baadaye mabomba membamba ya maji taka yalilazwa kina kifupi, kwenye vichochoro ambavyo mtaro wa kawaida usingepita. Mabomba ya aina hiyo huziba upesi yakitupiwa taka ngumu, hivyo kundi la nyumba jirani lisipokubaliana nani anafungua chemba na nani anachanga, kinyesi hurudi uani.

Hata hivyo, vikao peke yake si ngao. Mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga, sehemu ya Mukuru hiyohiyo, yakabomoa nyumba kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Wakazi walikuwa wamehesabiwa na kusikilizwa. Hati za ardhi zilikuwa kwa wengine.