Jonas Mekas na kamera ya kutia ufunguo

Wanaomwiga Jonas Mekas, mtengenezaji wa filamu za shajara, siku hizi hupiga video kwa simu, kisha hutafuta programu ya kuongeza mitetemo na madoa ya mwanga. Naona wameanzia mwisho. Mitetemo ile ilizaliwa na mashine, pamoja na umaskini wa mgeni aliyeishika.

Mekas, mzaliwa wa Lithuania mwaka 1922, alipitia kambi ya kazi za shuruti ya Wanazi, kisha kambi za wakimbizi Ujerumani. Mwaka 1949 alifika New York na mdogo wake Adolfas, na haukupita muda akakopa fedha za kununua Bolex ya milimita 16.

Kamera hiyo haitaki betri. Unaitia ufunguo kwa mkono. Springi ikijaa inakupa takriban sekunde 28 kwa mwendo wa fremu 24 (yaani picha moja moja) kwa sekunde, halafu inasimama. Rili ya filamu ya futi 100 ina fremu 4,000 hivi, haifiki hata dakika tatu. Kibarua wa kiwandani, kama alivyokuwa Mekas, hawezi kuzitapanya. Mekas akazoea kupiga vipande vifupi, pengine fremu moja moja, huku uhariri ukifanyika ndani ya kamera yenyewe.

Ugumu uko kwenye mwanga. Ukishusha mwendo kutoka 24 hadi 12, kila fremu inapata mwanga mara mbili. Ukipiga fremu moja moja, shata, kile kipazia kinachofungua na kuziba mwanga, nayo hukawia kufunga. Usipobana tundu la lenzi, picha inakuwa nyeupe, na filamu ya rivasali, inayotoa picha halisi yenyewe bila negativu, haina msamaha. Katika "Walden" (1969) aliiacha mimweko ya aina hiyo, na alifanya vyema.

Sauti ilirekodiwa kando. Ndiyo maana "Lost Lost Lost" (1976) inauma: picha ni za miaka ya 1949 hadi 1963, lakini anayezisimulia ni mtu mzima aliyekwisha kuzoea ugeni.

Wanaomwiga husahau pia upande wa usambazaji. Ushirika wa watengenezaji filamu aliousaidia kuanzishwa New York mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulipokea kazi bila kuchuja. Ajabu ni kwamba Anthology Film Archives, hifadhi na jumba la sinema lililofunguliwa New York 1970, ilikuwa na kamati ya wanaume watano, yeye akiwamo, iliyoteua filamu za lazima. Kwangu mimi, ule ushirika ndio uliofanya kazi kubwa zaidi.