Kabla ya kulipia 4K, pima kiti chako kiko umbali gani

Televisheni ya 4K ya inchi 43 ikitazamwa kutoka mita 3 haina ukali wa picha unaoizidi Full HD nzuri ya ukubwa huohuo. Maneno hayo hayamfurahishi muuzaji, lakini hesabu yake ni nyepesi.

Full HD ina pikseli (vinukta vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, takribani milioni 2. 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8, yaani mara nne. Sasa, jicho lenye uwezo wa kawaida hutenganisha vinukta vilivyoachana kwa pembe ya dakika 1, ambayo ni sehemu ya 60 ya digrii moja. Vikikaribiana zaidi ya hapo, huviona kama kitu kimoja. Kwa skrini za umbo la 16:9, yaani skrini pana za siku hizi, hesabu inakuja hivi: zidisha inchi kwa 4, na jibu ni umbali kwa sentimita ambao ukiuvuka, pikseli za Full HD hazitofautishiki tena. Kwa 4K, zidisha kwa 2. Inchi 43 kwa 4 ni sentimita 172, na wewe umekaa kwenye 300. Ukitaka kujua kutoka hapo ni skrini gani itakayoanza kuidai 4K, gawanya 300 kwa 4: ni inchi 75. Kwa mwenye macho makali kuliko kawaida, hata iliyo ndogo kidogo kuliko hiyo itaidai.

Dukani hutaliona hili, kwa sababu unasimama hatua moja kutoka kwenye kioo na video inayochezwa imeandaliwa mahususi kwa ajili ya maonyesho, mwanga wa skrini ukiwa umepandishwa hadi mwisho.

Kinachonikera zaidi kiko kwenye televisheni ndogo. Nyingi za inchi 32 zinazoitwa HD zina paneli, yaani kioo chenyewe kinachoonyesha picha, ya pikseli 1366 kwa 768, lakini boksi linajigamba kwamba zinapokea 1080p, yaani Full HD. Kupokea si kuonyesha. Televisheni inachukua mistari 1080, inaibana iingie kwenye 768, na maandishi madogo yanatoka na ukungu. Kwa tamthilia au mpira kutoka mita 2 na nusu haidhuru. Ukitaka kuichomeka kompyuta, tafuta Full HD, na usome mstari wa vipimo unaotaja resolusheni (idadi ya pikseli) ya paneli yenyewe, si ile ya mawimbi inayopokea.

Halafu kuna chanzo cha picha. King'amuzi kilichounganishwa kwa nyaya za AV, ile ya njano na wenzake, hutoa picha ya kiwango cha zamani, mistari 576 au 480. Televisheni ya 4K italazimika kubuni sehemu kubwa ya pikseli zake, na kwenye skrini kubwa kasoro hukuzwa pamoja na picha. Hamia kwanza HDMI, waya mmoja wa kidijitali unaobeba picha na sauti, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uhakikishe hakijabaki kwenye 576. Kwa filamu za mtandaoni, Netflix hupendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K na 5 kwa 1080p. Intaneti ikishuka, programu hupunguza ubora kimyakimya, na huwezi kujua mpaka uchunguze.

Kuna pia kasoro zinazosingiziwa paneli. Televisheni nyingi hukuza picha kwa asilimia chache na kukata kingo, kwa hiyo hakuna pikseli inayokaa mahali pake. Tafuta kwenye menyu ya ukubwa wa picha chaguo la kuonyesha picha kamili bila kukuza; jina lake hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine. Punguza na kile kinoleo cha picha (Sharpness kwenye menyu), maana kikizidi huchora ukingo mweupe kuzunguka nyuso za watu. Na kama kifaa chako kina HDMI ya toleo la 1.4, 4K yake itaishia picha 30 kwa sekunde. Kwa 60 unahitaji HDMI 2.0 pande zote mbili, na baadhi ya televisheni hudai uiwashe kwenye menyu kwa kila tundu.

Kwa hiyo inchi 32 na 43 za kutazamwa sebuleni, fedha ya ziada ningeipeleka kwenye paneli yenye weusi wa kweli na mwanga wa kutosha, kwa sababu tofauti hiyo huonekana hata ukiwa mlangoni. Kuanzia inchi 55 mjadala unakwisha wenyewe: karibu zote ni 4K, na kinachotenganisha nzuri na mbaya ni weusi, mwanga na namna inavyokuza picha duni. Omba muuzaji aweke chaneli ya kawaida, kisha rudi nyuma mita zilezile za kwako na uangalie maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari.