Uwanja wa Ndege Umehamia Kwangu

Mimi ndege sijawahi kupanda. Naiona kwa chini tu, tumbo lake jeupe likipita juu ya bati langu. Lakini niulize ya kwanza inatua saa ngapi na ya mwisho inaondoka saa ngapi, nitakutajia vizuri kuliko ratiba ya ibada. Siyo kwa kupenda. Nakaa Mbalizi, huku Mbeya, jirani na uwanja wa ndege wa Songwe, na ua wangu una nafasi.

Zamani ndege zikitua ule uwanja wa mjini, hakuna ndugu aliyejua Mbalizi nakaa upande gani. Hata kadi za harusi walikuwa wananisahau. Desemba 2012 zikahamia Songwe, kwenye njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita tatu, ndipo undugu ukaanza kufufuka. Hata hivyo wakati ule ukungu ulikuwa unanitetea. Asubuhi umetanda, ndege inazunguka huko juu wee, inageuza kurudi Dar, watu wanakata tamaa wanapanda basi. Sasa zimefungwa taa, limejengwa jengo jipya la abiria, na wasafiri wameongezeka. Wanasema ni maendeleo. Sawa, ila yameegeshwa mlangoni kwangu.

Maana kule maegesho unalipia. Kwangu unasema "shikamoo kaka", basi.

Aliyeanza ni shemeji na Prado yake. Saa tisa usiku honi getini, eti lazima awahi, barabara ya njia nne inajengwa na malori ya Tunduma yakishajipanga hupiti. "Shemeji, naliacha kidogo, Jumapili narudi." Jumapili ya mwezi gani, hakusema. Akafuata binamu na Noah. Akafuata mwalimu wa kwaya. Akafuata mtu ambaye mimi nilijua ni ndugu wa mke wangu, na mke wangu alijua ni ndugu yangu. Gari lake lina wiki ya tatu.

Magari manne, ua wa mtu wa bajaji! Na bajaji yenyewe, ile inayotulisha, iko nyuma kabisa imezibwa. Kila alfajiri naisukuma kinyumenyume katikati ya Noah na tangi la maji, tumbo nimelivuta ndani, watoto wananielekeza: "Kata kulia baba! Siyo kulia hiyo!" Tetea naye kaatamia chini ya Prado, ukimsogelea anakudonoa. Jogoo akirukia boneti usiku, alamu inalia mtaa mzima, na rimoti iko Dar es Salaam.

Juzi parachichi limeanguka. Siyo haya madogo ya kupeleka Ulaya, ni lile la kienyeji, kubwa kama kichwa cha mtoto. Limetoka kileleni moja kwa moja hadi kioo cha mbele cha Prado, paa! Kioo kikawa utando wa buibui. Nikampigia shemeji kwa kutetemeka. Akanyamaza, halafu akaniuliza, "Sasa shemeji, gari unaliwekaje chini ya mti?"

Mimi! Hata ufunguo sina.

Nikamwambia mama Neema, basi imetosha, kuanzia leo geti halifunguliwi kwa mtu mwenye begi la magurudumu. Akaitikia vizuri tu, "Sawa baba Neema." Ningejua. Mwanamke akiitikia haraka hivyo, kuna jambo kashapanga.

Jana nimerudi saa nne usiku, baridi inakata masikio, nimechoka, nimebeba na nusu kilo ya utumbo. Nakuta kwenye geti kipande cha boksi kimeandikwa kwa mkaa: GARI 2000, KULALA 3000. Mama Neema kakaa kwenye stuli, kajifunga kitenge hadi kidevuni, mkononi kashika daftari la mahesabu la mtoto. Akamulika tochi kwenye bajaji yangu, akalowanisha kidole, akafunua ukurasa.

"Hii inalala," akaniuliza, "au unaitoa leo leo?"