Dishi juu ya paa halitoshi kuendesha laini ya simu

Kila inapovuma habari kwamba kampuni ya televisheni ya setilaiti inataka kuingia kwenye biashara ya simu, watu hufurahi. Mshindani mpya, bei za bando zitashuka. Nami napenda bei zishuke, lakini kabla ya kushangilia tutazame yaliyompata Charlie Ergen kule Marekani.

Ergen alianza mwaka 1980 akiuza madishi huko Colorado, na mwaka 1996 kampuni yake ya EchoStar ikazindua huduma ya televisheni ya DISH. Aliona mapema kwamba watu watachoka na televisheni ya kulipia, akaanza kununua masafa ya simu, yaani mawimbi ya hewani ambayo mtandao wa simu hauwezi kufanya kazi bila hayo. Mwaka 2013 alitaka kuinunua kampuni ya simu ya Sprint kwa dola bilioni 25.5, SoftBank ya Japani ikampiku. Mwaka 2017 akatoa dola bilioni 6.2 kwenye mnada mmoja tu wa masafa. Miaka ikapita, masafa yamekaa na hakuna mteja hata mmoja anayepiga simu kwayo. Hapo ndipo roho inaniuma. Masafa ni mali ya umma, sawa na ufuo wa bahari. Anayeyashika bila kuyatumia anatuzibia njia sote.

Nafasi yake ilikuja pale kampuni nyingine ya simu, T-Mobile, ilipotaka kuimeza Sprint. Serikali ya Marekani ilitaka mshindani mwingine ajaze pengo, basi mwaka 2020 DISH ikainunua Boost Mobile, laini ya malipo ya kabla iliyokuwa ya Sprint, kwa dola bilioni 1.4, ikaahidi mtandao wake wa 5G utawafikia asilimia 70 ya Wamarekani kufikia Juni 2023. Haki yake nampa: alijenga, na lengo akalifikia. Wateja ndio walioondoka. Boost ilikuwa nao zaidi ya milioni 9 ilipochukuliwa, miaka minne baadaye walibaki kama milioni 7. Mwaka 2025 wadhibiti walipombana kuhusu masafa, EchoStar ikakubali kuwauzia kampuni ya simu ya AT&T sehemu yake kwa dola bilioni 23 hivi, na SpaceX, kampuni ya roketi na setilaiti, nyingine kwa bilioni 17. Boost sasa inategemea minara ya AT&T.

Kwa nini pesa zote hizo zisitoshe? Kwa sababu mteja wa televisheni anakaa mahali pamoja. Fundi akipanda paa la mabati pale Majengo, hapa Mombasa, anazungusha dishi kidogo kidogo, mwenye nyumba anapiga kelele dirishani, "Hapo hapo, usiguse!", nati zinakazwa, waya unafungwa vizuri chumvi ya bahari isiule. Akishuka, kazi imekwisha mpaka mvua kubwa ije. Simu haitulii hivyo. Mtu yule yule anataka mtandao akiwa Mtongwe asubuhi, katikati ya msongamano wa feri ya Likoni, na nyuma ya kuta nene za Mji wa Kale. Pakikatika pamoja tu, anairudia laini yake ya zamani.

Hapa kwetu Kenya kuna kufuli jingine zito zaidi, nalo ni pesa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, laini imekuwa pochi. Muuza nyanya wa Kongowea analipwa kwa simu, analipa mzigo kwa simu, chama chake kinachanga kwa simu. Tumeruhusiwa kuhama mtandao na namba zetu tangu 2011, lakini nani ahame aache njia ya riziki? Mtandao mdogo wa Yu uliondoka sokoni mwaka 2014. Laini ya Equitel ina benki kubwa ya Equity nyuma yake, na bado inapanda minara ya Airtel.

Kwa hiyo kampuni ya ving'amuzi ikija Mombasa kutuuzia laini, nitaiuliza mambo mawili tu: utasimama kwenye mnara wa nani, na wakala wako yuko wapi? Kifurushi kimoja chenye mechi na bando ndani ni kizuri, wazazi wengi wangeokoa kitu. Hakitamtoa mtu kwenye pochi yake.

Na Mamlaka ya Mawasiliano nayo isiishie kutoa leseni na kupiga picha. Anayepewa masafa apewe na tarehe, na ahesabiwe kwa wateja wanaomtumia kweli, maana lile la asilimia ya watu waliofikiwa tumeliona lilivyoishia. Wenye minara walazimishwe kuikodisha kwa bei ya haki. Kutuma pesa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kumewezekana tangu 2018. Sasa muuza nyanya aweze kutoa pesa hizo kwa wakala yeyote aliye karibu naye, kwa ada ile ile, laini yake iwe ya nani.